Mdogo wangu, usikubali haraka akariri darasa

Mdogo wangu,

Umeniuliza kama mwanao akariri darasa la pili. Nami nakuuliza: akikariri, atafundishwa nini tofauti na mwaka huu? Kama ni mwalimu yuleyule, vitabu vilevile na darasa lilelile lililojaa, sioni atakachopata zaidi ya aibu.

Mwalimu anasema anasoma, ila ni mzito. Mpe kitabu ambacho hajawahi kukiona. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, ndiyo maana mtoto mwenye shida ya kusoma hujificha vizuri. Hakosei sana, bali anakokota silabi moja moja, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Wengine hushika ukurasa mzima kichwani kwa kuwasikia wenzao. Msikilize hasa kwenye mb, nj na ng'. Kisha funga kitabu, mwambie aseme "kalamu" bila "ka". Akikwama kila mara, huo si uvivu. Hajazoea kuzitenga sauti. Na macho na masikio yapimwe kwanza, tafadhali. Wapo watoto wanaoitwa wazito kumbe ubao hawauoni.

Ufini, kuanzia 2011 hadi 2025, sheria iliweka msaada wa ngazi tatu: wa kawaida kwa kila mtoto, ulioongezwa, na maalumu. Nilichokipenda ni kwamba mtoto hakulazimika kuleta cheti cha daktari ndipo asaidiwe. Sisi tunasubiri aanguke kwenye upimaji wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ndipo tunaitana ofisini.

Kwa hiyo mwombe mwalimu wake kikundi kidogo, watoto wanne au watano, robo saa kila siku, silabi na maneno mafupi tu. Kila Ijumaa mwalimu ahesabu maneno ambayo mtoto anasoma sawasawa kwa dakika moja, ayaandike kwenye daftari. Baada ya wiki nane hivi daftari litasema. Akisogea, endeleeni. Asiposogea, usimrundikie tuisheni ya kila somo. Atafutiwe muda wa peke yake na mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wale wanaotoka chuo cha Patandi, Arusha. Shuleni hayupo? Muulize afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Mama mkwe akisema watoto wa kiume huchelewa, itikia kwa heshima, kisha endelea na yako.

Kwa mwalimu mkuu nenda na baba yake, msisitize kikundi kianze muhula huu. Habari ya kukariri darasa mtaizungumza mkiwa na daftari mkononi.

Dada yako