Kabla hujanunua ile suti

Lubumbashi, mwezi wa nane

Mwanangu,

Picha uliyonitumia kwenye simu nimeiona. Mama yako ameiona, na jirani aliyekuja kuomba chumvi naye ameiona. Suti ya harusi yako, ya buluu, inayong'aa kama bati jipya. Unasema imetoka Dubai, iko dukani huko Kolwezi, na mwenye duka amekubali kukupunguzia. Kabla hujatoa dola zako, soma barua hii mpaka mwisho. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "ndiyo, baba" kabla sijamaliza kusema.

Niliikuza ile picha nikatazama bega lako la kulia. Pana mkunjo unaoanzia chini ya kola na kushuka mshazari kuelekea kwapani. Wewe hukuuona, maana ulikuwa unatazama kifua chako kwenye kioo. Bega hilo liko chini kuliko la kushoto tangu ulipoanguka kwenye mwembe wa bibi yako kule Katuba, ukiwa na miaka saba, ukavunjika mtulinga. Mfupa uliunga, bega halikurudi mahali pake. Watu hawalioni, hata mchumba wako pengine hajaliona. Kiwanda ndicho kisichojua kabisa: kilikata koti la mtu mwenye mabega sawasawa, na mimi mtu huyo sijawahi kumzaa.

Kwa hiyo nakuomba ushonewe, tena ushonewe kweli. Siku hizi kila duka linasema "tunapima". Wengi wanachukua namba zako, wanarekebisha kidogo kielelezo cha kukatia kilichopo, basi. Fundi ninayemsema mimi anachora kielelezo chako kwenye karatasi, upande wa kulia peke yake na wa kushoto peke yake, kisha anakitunza. Kule London, kwenye barabara ya Savile Row ambako nyumba ya ushonaji ya Henry Poole, iliyoanza mwaka 1806, bado inashona, wanahesabu kwamba suti moja inakula saa 50 au zaidi za kazi ya mkono. Usiogope, sikutumi London. Nataka tu ujue kwamba anayekuahidi suti ya harusi kwa siku tatu anakuahidi kitu kingine.

Nianze na babu yako, maana yeye ndiye aliyenifundisha haya bila kukusudia. Alikuwa karani wa reli, na alikuwa na suti moja, ya kijivu, aliyoshonewa Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 rais Mobutu akaleta abacost, koti la kuvaliwa bila tai, jina lililotoka kwenye Kifaransa, à bas le costume, yaani suti na ianguke. Tai zikawa mwiko. Babu yako akaikunja suti yake, akaiweka kwenye sanduku la bati pamoja na vidonge vya nondo, akaenda kazini na abacost miaka yote ile. Tarehe 24 Aprili 1990 rais akasema kwenye hotuba kwamba vyama vingi vinaruhusiwa, na tai pia. Majirani walibishana juu ya vyama. Babu yako alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku.

Haikumwingia. Tumbo lilikuwa limekuja na miaka. Mimi nilicheka, yeye hakucheka, aliibeba akaenda kwa fundi. Fundi akafungua bitana, akatuonyesha: kwenye mshono wa mgongo, wa ubavu na wa nyuma ya suruali, yule aliyeishona zamani alikuwa ameacha akiba ya kitambaa, zaidi ya sentimita mbili kila upande. Akaachia mishono, akapiga pasi, na mzee akaivaa Jumapili ile. Suti ya dukani mara nyingi haina akiba hiyo, kwa sababu kiwandani kila sentimita ni pesa. Ukinenepa, na ukoo wetu unanenepa, imekwisha.

Sasa kitambaa. Harusi yako ni Oktoba, mwezi wa joto la kusubiri mvua. Lakini suti hiyo utataka kuivaa pia mwezi wa sita, wakati asubuhi ya hapa inakulazimisha kutafuta makaa. Mwombe mwuza vitambaa sufu ya gramu kati ya 260 na 300 kwa mita, iliyofumwa wazi, mfumo wa moja juu moja chini, uzi uliosokotwa sana. Kitambaa cha namna hiyo kinapitisha upepo, na ukikaa kwenye gari kutoka Kolwezi, kilomita 300 hivi, mikunjo inaanguka yenyewe ukikitundika usiku mmoja. Watakuambia chepesi zaidi ndiyo bora kwa joto. Hapana. Kitambaa chepesi sana hakina uzito wa kushuka vizuri, kinang'ang'ania goti na kukunjamana kama karatasi ya maandazi.

Watakuonyesha pia neno Super limefumwa pembeni: Super 100, 120, 150. Namba hiyo inaeleza wembamba wa nywele za kondoo. Super 100 haizidi mikroni 18.75, Super 150 haizidi 16.25. Namba ikipanda, kitambaa kinakuwa laini zaidi, lakini kinachakaa haraka zaidi kwenye mapaja na viwiko. Wewe unafanya kazi mahali pa vumbi. Chukua 100 au 110 uridhike. Na usiamini maandishi ya pembeni peke yake. Omba kauzi kamoja, kachome kwa kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inasagika kuwa majivu. Tergal, yaani poliesta, na ndugu zake wanayeyuka, wanaacha shanga ngumu. Kisha finya kitambaa kwenye ngumi, hesabu mpaka kumi, fungua: sufu nzuri inajinyoosha yenyewe.

Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kitakutosha mita tatu na nusu. Ongeza mita moja na nusu kwa suruali ya pili. Suruali ndiyo hufa kwanza, na koti lisilo na suruali yake ni mjane. Rangi sitaigombania: buluu iliyokolea au kijivu, lakini isiyong'aa. Masapeur wa Kinshasa, wale mabwana wa kujipamba, watoto wa mwanamuziki Papa Wemba, wana haki yao ya kung'aa, na wenzao wa Brazzaville wana sheria ya rangi tatu tu mwilini. Tena mimi nawapenda, lakini wao wanavaa jina la mshonaji ili lionekane. Bwana harusi anaonekana tayari.

Ndani ya koti ndiko nilikoumia mwenyewe. Siku ya ubatizo wa dada yako nilivaa koti nililolinunua mjini, zuri kabisa, likanyeshewa na mvua ya Januari. Baada ya kulifua mara mbili kifua kikajaa malengelenge kama ngozi iliyoungua. Lilikuwa limegandishwa kwa gundi ndani, na gundi ikaachia. Koti linaloshonwa vizuri lina turubai ya ndani, sufu iliyochanganywa na singa za farasi, iliyoshikizwa kwa maelfu ya mishono midogo ya mkono. Hiyo inazoea kifua chako. Ukitaka kujua, shika kitambaa cha mbele chini ya kifungo cha mwisho, kivute mbali na bitana: ukihisi tabaka la tatu linateleza katikati, ni turubai. Ukihisi vyote vimekuwa kitu kimoja, ni gundi.

Utapimwa mara moja na utajaribishwa angalau mara mbili. Mara ya kwanza koti litakuwa limepigwa bandi kwa uzi mweupe, halina mifuko, pengine mkono mmoja tu. Usione aibu wala usicheke. Hapo ndipo bega lako linapoamuliwa. Simama unavyosimama siku zote, usitoe kifua kama askari, maana ukijidanganya pale utavaa uongo huo mpaka jioni ya harusi. Fundi atashusha upande wa kulia kidogo na kuongeza pamba nyembamba ndani. Asiijaze, akiijaza utafanana na kabati. Mafundi wa Napoli kule Italia huacha bega bila pamba kabisa, mkono unaingia kama wa shati. Waingereza wengi hupenda bega lililojengwa. Wewe uko katikati, ni bega lako linalosema hivyo.

Angalia kola ishike shingo hata ukiinua mkono. Shati lionekane sentimita moja kwenye mkono. Koti lifunike makalio, usikubali haya mafupi ya vijana wa televisheni. Suruali ikae kiunoni, sio chini yake, kwani ukicheza usiku na mama mkwe hutaki kuivuta kila wimbo. Mengine mwachie fundi.

Niseme pia kuhusu pesa, usinikasirikie. Kitambaa nunua mwenyewe. Kazi mpe nusu mwanzoni na nusu ukiichukua, na ukibakiza kumlipa usimpigie simu kila siku. Agosti na Septemba mafundi wana harusi nyingi, umeme nao unakatika, ingawa huyu fundi wangu ana pasi ya makaa, na mimi naiamini kuliko ile ya umeme.

Jana nilipita kwake Kamalondo. Nikaanza kumweleza habari ya mwembe na mtulinga, akaniinulia mkono ninyamaze. Akavuta daftari la zamani chini ya meza, lile lenye jalada la plastiki, akatafuta kwa kidole. Nilikuwa nimesahau kwamba ndiye aliyekushonea koti la komunyo ya kwanza. Jina lako liko pale, urefu wako wa miaka kumi, na pembeni kwa penseli: "kulia chini, sm 1".

Njoo Jumamosi kwa basi la kwanza. Mama yako atapika bukari na sombe, lakini utakula baada ya kupimwa.

Baba yako