Kwa wazazi wapya wa Newala: nepi, pampasi na ndoo ya maji

Wanangu na wajukuu zangu mnaolea vichanga,

Salaam. Ubishi wenu umenifikia, maana foleni ya kliniki haina siri. Wapo wanaosema pampasi zinaharibu mazingira, turudi kwenye nepi za kitambaa kama bibi zetu. Wapo wanaojibu kwamba nepi ni utumwa uliokwisha. Kwa kuwa mimi ni mmoja wa hao bibi mnaowatolea mfano, na nepi nimezifua za wanangu na za wajukuu, naomba nami nisikilizwe.

Nepi ni kitu kizuri, ila uzuri wake unategemea maji, na maji ya hapa mnayajua. Ardhi ya juu huku Umakondeni ni mchanga: mvua ikinyesha inazama, hatuna kijito wala chemchemi ya karibu. Maji ya bomba yanasukumwa kutoka bondeni, na yasipopanda tunategemea visima vya saruji tulivyojenga uani kukinga maji ya bati. Kiangazi kikikolea kisima kinabaki tope na dumu linapanda bei. Sasa nepi za siku moja, uziloweke, uzifue, uzisuuze mara mbili, zinakula ndoo mbili za lita 20 au zaidi. Anayemwambia mzazi wa wiki mbili "tumia nepi" aseme na nani atachota. Mawifi na mama wakwe, hili linawahusu pia.

Hata wenye mashine za kufulia wamelipigia hesabu. Mwaka 2008 ofisi ya mazingira ya Uingereza ilitoa ripoti: mtoto anayevaa pampasi kwa miaka miwili na nusu anasababisha kama kilo 550 za hewa ya ukaa, na wa nepi kilo 570. Karibu sawa! Kule nepi zinafuliwa kwa umeme na maji ya moto, na wengine wanazikausha kwa mashine. Lakini familia inayojaza mashine vizuri, ikaanika kwenye kamba na kumvalisha mtoto wa pili nepi zile zile, ilipunguza kiasi cha kilo 200. Sisi kamba tunazo, jua tunalo, na mtoto wa pili hachelewi. Mchezo unaharibika pale unapochemsha nepi kila siku kwa kuni. Chemsha mtoto akiharisha. Siku nyingine sabuni ya mche na jua kali vinatosha.

Upande wa taka, pampasi sizitetei. Ndani yake mna plastiki na chembechembe zinazonywa mkojo zikavimba, ndiyo maana hazivuji. Ukiitumbukiza kwenye choo cha shimo haiozi, inajaza shimo, na gari la kunyonya likija mpira unaziba. Ukiichoma ikiwa mbichi inatoa moshi tu. Ukiitupa kwenye mteremko wa Shimo la Mungu, lile genge la hapa Newala, mvua inaipeleka bondeni kwa wenzetu, kuelekea mto Ruvuma. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na tukazoea vikapu. Pampasi marufuku ile haikuzigusa, zipo kila duka.

Na msidanganyane kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kina vimelea vya kuharisha kama cha mtu mzima. Iwe nepi au pampasi, kinyesi kwanza kikung'utwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni, na maji ya kulowekea yasimwagwe karibu na kisima. Pampasi iliyokwisha kukung'utwa ifungwe, iende kwenye shimo la taka lenye kifuniko, mbwa wasiifukue.

Kuhusu fedha, tuseme pampasi moja ni shilingi 400. Nne kwa siku ni 1,600, kwa mwezi wa siku 30 ni 48,000. Wengi hawana, kwa hiyo mtoto anavalishwa moja asubuhi anavuliwa magharibi, na mapaja yamebabuka. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko taka zote. Dazeni mbili za nepi unanunua mara moja tu, lakini nayo nepi ikilowa ibadilishwe pale pale, na chupi ya nailoni juu yake isikae kutwa.

Sasa kuanika. Msianike kivulini wala kwenye majani. Kuna inzi huku kwetu anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu. Buu akianguliwa anaingia ngozini mwa mtoto, linatoka kama jipu. Anika kwenye kamba juani, kisha piga pasi pande zote mbili, hasa mshono. Na kuanzia Juni, mikorosho ikianza kupulizwa salfa, ile dawa yake ya unga, ulizeni jirani anapuliza lini. Vumbi lile linasafiri, linatua kwenye kamba, na ngozi ya kichanga inawasha na macho yanamwuma. Siku hiyo nepi zianikwe baada ya upepo kutulia, au ndiyo siku ya pampasi. Jiki nayo punguzeni. Isiposuuzwa ikaisha, inababua.

Mimi ningefanya hivi: nyumbani mchana nepi, pampasi kwa safari ya basi kwenda Mtwara, kwa msiba wa kulala huko, na kwa wiki ya mvua ambayo kamba haikauki. Kisima kikikauka, nunua pampasi bila kuona haya, ila uzibadilishe. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kuokota korosho na mtoto mgongoni simlaumu akichagua lililo jepesi.

Kina baba, kwenu nina ombi. Mke akijifungua, mnaniletea habari kwamba mmenunua kitanda na kapeti. Nunueni madumu manne yenye vifuniko, na baiskeli ya kuyabebea muiendeshe wenyewe, mpaka mtoto atakapoanza kukaa kwenye poti.

Bibi yenu,
Newala