Kabla hujalipia mzigo wa spea

Majengo, Dodoma

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, hofu ni kwenu Singida. Nimefurahi mno kusikia kwamba mashine yako ya kukamua mafuta ya alizeti imeshapata jengo. Ila kuna jambo umeandika limeninyima raha: kwamba biashara yako haiguswi na mambo ya nje kwa kuwa alizeti inatoka mashambani kwenu. Hapo nakubishia.

Alizeti ni ya Singida, sawa. Lakini mota, beringi na vitambaa vya kuchujia vinakuja kwa meli, na bei ya mafuta ya kula nayo haipangwi kwenu peke yenu. Kumbuka 2022. Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari, nchi iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kuuza nje mafuta ya alizeti. Kisha Indonesia ikazuia mawese yake yasitoke, kuanzia 28 Aprili hadi 23 Mei. Sisi tunaotegemea mawese ya kuagiza tuliona makali yake sokoni.

Wala usijipe moyo kwamba mzigo wako haupiti penye vita. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoanza kushambulia meli Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi ziliukimbia Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Meli ya Shanghai kuja Dar es Salaam haina haja ya Suez, lakini nauli yake ilipanda pia, maana meli zilikaa safarini muda mrefu zaidi na makontena matupu yakachelewa kurudi Asia. Watu wengi walidhani wakala anawapiga.

Kwa hiyo chukua daftari. Andika kila kifaa ambacho kikiharibika mashine inasimama, na mbele yake andika kinatoka wapi, nani anacho hapa nchini, na kinachukua muda gani kukufikia. Usianze na vya bei kubwa. Nimeona kinu kimesimama katikati ya msimu kwa ajili ya beringi ya bei ndogo tu, wakulima wakapakia magunia yao wakaenda kwa jirani, na msimu uliofuata hawakurudi. Vya namna hiyo weka viwili viwili stoo. Mota ya akiba sikushauri, itakula mtaji wako wote. Tafuta fundi wa kusuka mota aliye karibu. Parafujo ya kukamulia nayo inaweza kuchongwa hapahapa, waulize SIDO, shirika la viwanda vidogo, kabla hujaagiza.

Muuzaji asiwe mmoja. Kama wa kwanza yuko China, wa pili awe India, hata akiwa ghali kidogo. Nunua kwake kidogo kidogo ili siku ya shida akujue. Na oda yako itoke mapema. Mavuno yanaanza kama Mei, ila viwanda vya China hufungwa kwa mwaka mpya wao, Januari au Februari, na baada ya bahari bado kuna bandari na barabara ya masika. Mimi ningelipia Novemba. Bei ni ya dola, nawe unauza kwa shilingi, na dola inaweza kupanda, kwa hiyo usikope mpaka senti ya mwisho.

Nitumie hiyo orodha kabla hujamlipa mtu yeyote. Nitaipitia na fundi wangu, tukuambie vipi vinapatikana Dodoma.

Wasalimie watoto na mama.

Rafiki yako wa siku zote