Darasa lisilo na gata lisikabidhiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo la kuvuna maji ya mvua shuleni, ambalo limenikaa moyoni tangu nilipoacha chaki. Nimefundisha shule za msingi za vijijini mkoani Pwani kwa miaka mingi, zaidi wilayani Kisarawe, na sasa naishi Chanika, hapa Dar es Salaam. Asubuhi bado nawaona watoto wakienda shule, begi mgongoni na dumu la lita tano mkononi. Maji hayo ndiyo ya choo, ndiyo ya kudeki, ndiyo ya kumwagilia miche. Mtoto wa darasa la pili hafiki na lita tano. Hufika na tatu, nyingine zimemwagikia soksi.

Mtoto huyo anakwenda kukaa chini ya paa la bati. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati, hiyo ni lita moja ya maji. Jengo la madarasa mawili lina paa la mita za mraba 160 hivi. Ukanda wetu huu hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, masika na vuli pamoja. Tuseme sehemu moja ya tano inapotea kwa kuruka na kuvuja. Zinabaki lita 128,000. Sisi wa Dar es Salaam tunaonunua maji tunajua boza la lita 10,000 lilivyo. Paa hilo moja linamwaga chini karibu maboza 13 kila mwaka, maji yanachimba msingi wa jengo, kisha yanakwenda zake. Mwezi Agosti mtoto anarudi na dumu.

Nchi yetu imejenga sana, na nashukuru. Mwaka 2021 pekee vilijengwa vyumba vya madarasa 15,000 kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19. Ninachoomba ni kidogo: gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, na tanki viandikwe kwenye makadirio ya ujenzi tangu siku ya kwanza, pamoja na saruji na mabati. Vikiachwa kwa ajili ya baadaye, haviji. Fundi akiwa bado juu anapiga fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kufunga gata ni kazi ya siku moja. Akishashuka na kulipwa, kumrudisha ni kikao, muhtasari, mchango wa wazazi, na mwaka umekwisha. Kwa kuwa majengo mengi sasa hujengwa kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi bila mkandarasi, kamati ya ujenzi ya shule inayo nafasi ya kusema jengo lisilo na gata lisipokelewe. Naomba ikatae.

Tatizo jingine liko katika yale tunayohesabu. Mgeni rasmi akija shuleni husomewa risala: madarasa kadhaa, madawati kadhaa, matundu ya vyoo kadhaa. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na walimu wakuu wengi wanaujua uwiano huo kwa moyo. Lakini katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia risala ikitaja lita. Shule yenye matundu 16 na pipa tupu mlangoni inasomwa kuwa imefanya vizuri.

Nami nakiri kosa langu. Shule moja niliyofundisha ililetewa tanki zuri na wafadhili. Muhula haukuisha, koki ikavunjika. Nilikuwa mwalimu wa zamu siku hiyo, nikaandika kwenye kitabu cha zamu, nikaona nimemaliza kazi. Uongozi ukasubiri kamati, kamati ikasubiri wafadhili. Watoto wakaanza kuchota kwa juu kwa vikombe, mfuniko ukapotea, majani na vyura vikaingia, na mwishowe tanki likawa la kuwekea majembe. Koki mpya ilikuwa inauzwa dukani kijijini kwa fedha ambayo ningeweza kuitoa mfukoni mwangu siku ileile. Jambo hilo linanisuta hadi leo. Ndiyo maana nasema tanki liwe na mwenyewe: mwalimu wa afya mwenye ufunguo, wanafunzi wa zamu wanaojua kiasi kilichobaki, na fungu dogo la koki na viungio ambalo halihitaji kikao.

Na matumizi yake yapangwe. Shule ya watoto 400, kila mmoja akinawa mara mbili kwa siku, nusu lita kila mara, inatumia lita 400. Tanki la lita 10,000 litafika siku 25 za masomo, majuma matano. Kuanzia shule zinapofunguliwa Julai mpaka vuli ikolee, yanahitajika matanki matatu ya namna hiyo. Yote matatu yatajazwa na paa lile moja masika ikiwa nzuri. Lakini wakianza kuchota ya kudekia, ya kufulia, na ya nyumba za walimu, Agosti haitafika. Ya kudeki yatoke kisimani hata kama ni ya chumvi. Ya mvua yawe ya mikono.

Yako mambo ambayo fundi na mwalimu wote wanapaswa kuyajua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi na kinyesi cha ndege na popo juu ya bati. Lita 80 hadi 160 za mwanzo kwa paa la ukubwa huo ziachwe zimwagike, kwa bomba la pembeni lenye kifuniko cha kufungua. Mdomo wa tanki uzibwe kwa wavu mwembamba, maana mbu wa dengi huzaliana katika maji safi yaliyotulia, na jiji letu lilionja dengi mwaka 2014 na tena 2019. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Sasa elimu ya usafi. Tunamfundisha mtoto kuwa anawe kwa sabuni akitoka chooni na kabla ya kula. Anaandika, anapata vema. Kengele inalia, anakwenda chooni, hakuna tone. Hapo amejifunza somo jingine kabisa: kwamba maneno ya darasani ni ya mtihani. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanzia hapa Dar es Salaam na kusambaa mikoani, ndoo zenye koki zilipangwa milangoni. Ugonjwa ulipoondoka, ndoo nazo zikaondoka. Korona ilipoingia 2020 tukazirudisha, na sasa zitafute uone.

Nilikuwa mtoto mwaka 1973 wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Kusikiliza na kutenda vilikwenda pamoja. Kibuyu chirizi nacho ni hivyohivyo: dumu, kamba, kijiti cha kukanyagia, mtoto ananawa bila kugusa kitu. Mche wa sabuni huibwa, basi ukatwekatwe, uyeyushwe ndani ya chupa ya maji, kizibo kitobolewe tundu. Watoto wa darasa la nne wanaweza kuvitengeneza vyote hivyo kipindi kimoja, mradi pawe na maji ya kutia humo.

Kuhusu wasichana sitaficha maneno. Binti wa darasa la sita anapokuwa katika hedhi kwenye shule isiyo na maji hubaki nyumbani siku tatu au nne, na mwezi ujao vilevile. Wapo wasamaria wanaopeleka taulo za kike, Mungu awabariki. Lakini ataoshea wapi mikono yake, na kwa maji gani? Nimewahi kumwona mwanafunzi wangu hodari wa hesabu akiporomoka kwa sababu hiyo tu, na sikujua mpaka mama yake aliponieleza.

Vuli ijayo haiko mbali. Wasomaji wengi wa jiji hili tuna ndugu na shule zilizotulea huko Kisarawe, Mkuranga, Rufiji na kwingineko. Mtu akienda kuzika au kusalimia, apite shuleni, atazame chini ya paa kama pana gata, kisha amuulize mwalimu mkuu tanki lina lita ngapi leo.

Mwalimu mstaafu,
Chanika, Dar es Salaam