Barua kwa mwanangu Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baba yako na goti lake.

Tangu unipigie Jumapili kunipa habari ya ile nafasi, nimefurahi na sijalala vizuri. Mtumishi wa ndani, mji mdogo wa Marekani, enzi za zamani. Haya. Lakini nilikuuliza jambo moja, ukasema mtandao unakata. Nauliza tena: huyo mama utakayemwigiza, ana kwao?

Nimeitazama ile filamu mnayofundishwa, Judge Priest ya 1934. Ashukuriwe Mungu nilikuwa peke yangu, maana nilicheka. Yule mwigizaji mweusi Stepin Fetchit anavyoburuta miguu na maneno, nilicheka mpaka chai ikanipalia, kisha nikaona haya. Halafu Hattie McDaniel, anayeigiza mtumishi wa hakimu Priest, na nguo zake za kufua, anaimba na hakimu anamwitikia. Sauti ile haitoki masikioni. Hakimu huyo ni askari mstaafu wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, wale waliopigana utumwa ubaki. Na baba yake Hattie, yule wa kweli, alizaliwa mtumwa akapigana upande wa Kaskazini! Mwishoni Fetchit na wenzake ndio wanaopiga wimbo wa Kusini nje ya mahakama, ili wazee wa baraza walainike. Na sisi tufurahi.

Kulikuwa na kipande ambapo hakimu anamwokoa mtu mweusi asinyongwe na kundi la watu. Studio ikakikata. John Ford, mwongozaji wake, ikabidi aje kukirudia 1953 katika filamu nyingine. Nikasema kumbe ndiyo maana mji ule unapendeza, umefagiliwa kabla ya wageni kuingia.

Simlaumu Hattie. Mwaka 1940 alipata Oscar, mtu mweusi wa kwanza, na usiku huohuo walimkalisha meza ya peke yake ukutani. Wewe ungefanyaje? Mimi sijui ningefanyaje.

Kwa hiyo waulize kabla hujasaini. Akitoka jikoni anakwenda wapi? Nani anamsubiri? Najua huwezi kusema mbele ya wakubwa, unainama tu na "ndiyo, ndiyo". Labda ni mimi, nilikuwa nakufinya wageni wakija. Lakini sasa una miaka ishirini na sita na shahada, na mwalimu wako mwenyewe alinisifia kwenye simu, nikamwambia nani asiyejua.

Yule dada aliyekubeba mgongoni, unamkumbuka kuliko mimi. Miaka sita kwangu. Juzi nilitaka kumwulizia, nikakuta jina la baba yake silijui. Kwao ni Lushoto, basi, na Lushoto ni kubwa. Shangazi yako ana namba ya mtu wa huko, nimemwambia aulizie.

Bati la jikoni linavuja. Fundi kachukua hela ya kuanzia hajaonekana tena. Uliyotuma imeishia kwenye maji na dawa za goti, usiniambie nilisema za bati. Ile kanga yako ya zambarau kaichukua mdogo wako, ugombane naye mwenyewe, mimi nimechoka.

Ukipiga, piga baada ya isha, nikishatoa vyombo. Na usianze na habari za goti, anza na lile nililokuuliza.

Mama yako