Pasi ya kusafiria ikae mkononi mwako

Tanga

Mwanangu Zaina,

Assalaam alaykum. Umeniambia viza yako ya kwenda Oman imetoka, umeiona kwenye simu ya wakala anayekutafutia kazi kule. Mimi nataka uione kwenye karatasi. Mwambie aichapishe, kisha usome mwenyewe imeandikwa ya nini. Kama ni ya matembezi, safari haipo, hata akikuapia kwamba itabadilishwa ukishafika Muscat. Aliyeingia kwa matembezi akakutwa anafanya kazi ndiye mkosaji, wakala hayumo. Tena kule viza na ukaazi viko mikononi mwa polisi, Royal Oman Police wenyewe, kwa hiyo karatasi ikiwa na kasoro unakutana na askari moja kwa moja.

Mkataba uupate kabla ya tiketi. Mshahara, siku ya mapumziko, nani analipa nauli ya kurudi, yote yawemo, na jina la mwajiri liwe lile lile la kwenye viza. Baba yako anauliza kama mmeshapita TaESA, ile ofisi ya Serikali ya huduma za ajira. Anasema wakala akianza kupiga chenga kuhusu TaESA, adaiwe pesa zetu.

Sasa pasi, na hapa nitakuchosha. Ukifika, tajiri yako ataitaka ili akushughulikie kadi ya ukaazi. Mpe, kadi haitoki bila pasi. Ila kadi ikishatoka, idai. Mimi nimeilipia shilingi 150,000, lakini hata mimi si yangu: pasi ni mali ya Serikali, wewe umekabidhiwa tu, na hakuna tajiri mwenye haki ya kuifungia kabatini. Oman yenyewe ilishatoa waraka mwaka 2006 kukataza waajiri kuzuia pasi za wafanyakazi. Wapo wanaoendelea kuzishika, najua. Na ujihadhari na kitu kimoja: Muscat kumejaa watu ambao wao au wazazi wao walizaliwa Unguja, basi unaweza kuambiwa kwa Kiswahili kitamu kabisa, "Mwanangu, nakuhifadhia tu isipotee." Utalainika, nakujua. Jibu kwa adabu, "Ahsante bibi, lakini mama kanisisitiza nikae nayo." Nisingizie mimi, sina neno.

Ukurasa wa picha, viza na mkataba vipige picha unitumie, na ujitumie kwenye barua pepe yako, maana simu huibwa, na wengine hunyang'anywa. Namba ya pasi ikariri. Pasi ikipotea, nenda polisi, chukua karatasi ya taarifa, uende nayo ubalozini. Wanaweza kukupa hati ya dharura ya kurudia nyumbani, na ukiwa na kivuli cha pasi hawatapata tabu kuthibitisha kwamba wewe ni Mtanzania.

Ubalozi wetu uko Muscat. Jiandikishe mapema, wajue upo nyumba gani na kwa nani. Wengi huukumbuka wakishakwama. Usiwatarajie wakulipie faini wala wakutoe mahabusu, hayo hawana. Watakutembelea, watazungumza na mwajiri, watanijulisha mimi. Ukikamatwa, kwa lolote lile, sema unataka ubalozi wako ujulishwe. Haki hiyo imo kwenye Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mambo ya kibalozi, na Oman imeuridhia. Usitie saini karatasi ya Kiarabu ambayo hujasomewa.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Ukiteswa, au mshahara ukikatika, usivumilie kwa ajili yetu. Toka. Lakini uendako kuwe polisi au ubalozini, si chumbani kwa rafiki ukawa unafanya vibarua vya kujificha. Mwajiri akisharipoti kwamba umetoroka, wewe ndiye unayetafutwa, hata kama yeye ndiye aliyekudhulumu. Ijumaa na Jumamosi ofisi za kule zimefungwa, kwa hiyo ulizia namba ya dharura ya ubalozi siku ile ile ya kujiandikisha. Iandike kwenye karatasi uishone ndani ya mkoba.

Shangazi yako anakuja Dar Alhamisi na cheti chako cha kuzaliwa. Wakala akikitaka, mpe kivuli. Chenyewe arudi nacho shangazi.

Mama yako