Habari za "wakubwa wamenunua" ziandikwe na tarehe zake

Kwa Mhariri,

Naandika kutoka Malindi. Siku hizi vijana wengi huku wananunua hisa za Marekani kwa simu, na zinazopendwa sana ni za afya, kampuni za dawa na za bima ya matibabu, maana wanasema watu hawaachi kuugua. Sawa, sina neno. Kinachoniuma ni vile wanavyonunua. Juzi hapo Maweni kijana kanionyesha simu yake, imeandikwa kwa herufi kubwa mfuko fulani mkubwa wa uwekezaji umeongeza hisa kwenye kampuni ya dawa, naye pesa ashatuma, nikamwambia hebu teremsha chini usome, tukakuta hesabu zenyewe ni za robo ya mwaka iliyokwisha zamani na yeye alidhani ni mambo ya asubuhi ile.

Habari hizi chanzo chake ni fomu inaitwa 13F. Sheria ya Marekani ya 1975 inamtaka meneja wa uwekezaji anayesimamia hisa za dola milioni 100 au zaidi ataje alichonacho kila robo mwaka kwa SEC, wale wasimamizi wa soko, na anapewa hadi siku 45 baada ya robo kuisha. Siku 45 jamani! Amenunua mwanzo wa Aprili, wewe unajua katikati ya Agosti, na hapo kati huenda ashauza zote. Fomu haitaji alinunua bei gani, wala haionyeshi kama upande wa pili amekopa hisa hiyohiyo na kuiuza akitegemea itashuka.

Mwaka 2025, tarehe 14 Agosti, ndipo ilipojulikana kwamba Berkshire Hathaway, kampuni ya mwekezaji tajiri Warren Buffett, ina hisa kama milioni 5 za UnitedHealth, kampuni ya bima ya matibabu, kesho yake bei ikapanda kama asilimia 12. Lakini fomu ile ilikuwa inaeleza hali ya 30 Juni! Aliyekimbilia siku ile alilipa bei iliyokwisha kupanda, na ya Buffett hakuijua.

Halafu kuna Vanguard na BlackRock, kampuni kubwa za Marekani zinazoendesha mifuko ya uwekezaji, hao karibu kila robo utasikia wameongeza au wamepunguza. Sehemu kubwa ya hisa zao ziko kwenye mifuko ya indeksi, yaani watu wakiingiza pesa mfuko unanunua kila kampuni iliyo kwenye orodha, hapo hakuna mtu aliyekaa akapima dawa inaponya au haiponyi. Kuiita hiyo imani ya wakubwa ni kupotosha watu.

Mhariri, nawaomba mkichapa habari kama hizi muweke tarehe mbili pale juu kabisa, ya mwisho wa robo na ya fomu kupelekwa, na mseme mfuko ni wa indeksi ama una mtu anayechagua. Mkiweza muandike pia wakurugenzi wa kampuni yenyewe wakinunua au kuuza, maana wao sheria inawapa siku 2 tu za kazi kutangaza, na vijana wetu wengi hawajui hata kama taarifa hiyo ipo na ni ya bure.

Msomaji wenu,
Malindi